Nani alipe nauli ya kumtafuta baba?

Katika hukumu nyingi za mashauri ya matunzo ya watoto, mstari wa mwisho husomwa haraka kuliko mistari yote. Jalada limeshaanza kufungwa, karani anatafuta shauri linalofuata, na wadaawa wamekwisha kuinuka. Ndipo hakimu anapomalizia: kwa kuwa hili ni shauri la kifamilia, kila upande ubebe gharama zake. Hakuna anayeguna. Mwanaume anatoka akihesabu atakachotoa kila mwezi. Mwanamke anatoka na mtoto mgongoni, naye anahesabu, ila hesabu yake inarudi nyuma: deni la nauli, la fotokopi, la kijana aliyemwandikia maombi, la kipimo cha vinasaba.

Nina ugomvi na mstari huo. Umezoeleka hata unasikika kama salamu ya kuagana, na wengi wanauona ni wa busara, kwamba mahakama imekataa kuwachonganisha wazazi. Kwa mtu wa Kayanga mjini huenda madhara yake ni madogo. Lakini ukiusoma ukiwa Kaisho, au Mabira, au kule Murongo ambako Mto Kagera unatutenganisha na Uganda, unakuwa mstari mwingine kabisa.

Tuanze na ardhi yenyewe. Kaisho, Mabira na Murongo ziko Kyerwa, iliyokuwa sehemu ya Karagwe, ile yenye makao Kayanga, mpaka 2012 ilipokuwa wilaya, makao yake Rubwera. Barabara ya Omugakorongo, Kigarama hadi Murongo ina zaidi ya kilomita 100, na anayeijua wakati wa masika hahitaji kuelezwa. Kutoka Kayanga kwenda Bukoba, kwenye Mahakama Kuu na kwenye ofisi nyingi za mawakili, ni zaidi ya kilomita 100 nyingine kupitia Kyaka. Shauri la matunzo haliishi kwa siku moja. Kuna siku ya kufungua, siku ambayo mjibu maombi hakuonekana, siku ambayo wito ulirudi bila kusainiwa, siku ambayo hakimu yuko kwenye semina. Kila moja ya siku hizo ina nauli ya kwenda na kurudi, na siku ya kazi shambani iliyopotea.

Wengi hawafiki mahakamani, na ni heri. Kwetu mwanamke akichoka husema, "Nakupeleka ustawi," na neno hilo peke yake limewahi kuleta gunia la maharage mlangoni. Afisa ustawi wa jamii huwaketisha wawili, huwaandikisha makubaliano, wanasaini, mambo yanakwenda. Njia hiyo ni ya bei nafuu na inafaa sana pale baba anapokubali kwamba ni baba. Shida huanza anapotamka maneno matatu: "Huyo si wangu." Hapo ustawi huishiwa nguvu, na barua ya kwenda mahakamani huandikwa.

Sheria ya Mtoto ya 2009 haikumwacha mama mikono mitupu. Inamruhusu mzazi, mlezi, afisa ustawi au mtoto mwenyewe kuiomba mahakama imtambue baba, hata kabla mtoto hajazaliwa. Inataja pia ushahidi wa kuangaliwa: jina la baba katika kumbukumbu za vizazi, sherehe ya kimila aliyoifanya, kitendo chake cha kumkubali mtoto mbele ya watu, majibu ya vinasaba, na jambo ambalo wanaume wengi hawalijui, kwamba kukataa kupimwa nako ni ushahidi dhidi ya anayekataa. Mtu aliyeleta kitenge na sabuni siku mtoto alipotoka hospitali ya Nyakahanga, akampa mtoto jina la babu yake, akatuma pesa kwa simu miezi sita mfululizo, ameshajitolea ushahidi mwenyewe. Ujumbe wa muamala haufi haraka kama maneno ya mdomo.

Lakini siku hizi hakuna anayetaka kusikia habari za kitenge na miamala. Kipimo cha vinasaba kimekuwa ndiyo neno la mwisho, na kwa bahati mbaya kimekuwa pia kichaka. Mwanaume aliyeandaliwa vizuri hakatai kupimwa, kwa sababu ameambiwa kukataa kutamuumiza. Anasimama mbele ya hakimu kwa adabu na kusema: "Mheshimiwa, mimi niko tayari kupimwa hata leo. Ila alipe yeye aliyenishitaki." Ni jibu linalosikika la haki kabisa. Anayedai athibitishe. Na hapo shauri hulala, kwa sababu wote chumbani wanajua kwamba aliyeshitaki hana hiyo pesa. Kama angekuwa nayo, asingekuja kudai matunzo.

Hiyo pesa ni kiasi gani? Huwezi kuamka asubuhi ukaenda kupima vinasaba kama unavyokwenda kupima malaria. Sheria ya Vinasaba vya Binadamu, nayo ya 2009, imeweka kazi hiyo chini ya Mkemia Mkuu wa Serikali, na maombi hupita kwa vyombo vinavyotambulika: mahakama, ustawi wa jamii, wakili, polisi na wengineo. Ni utaratibu mzuri, kwa sababu majibu haya huvunja nyumba. Ada ambayo Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu imekuwa ikiitangaza ni shilingi 100,000 kwa kila mtu, na wanaopimwa ni watatu, yaani mama, mtoto na anayetajwa kuwa baba. Jumla 300,000. Ofisi ya kanda iko Mwanza. Kwa mtu wa Nkwenda, Kyerwa, hiyo ni safari ya kushuka Kyaka, Bukoba, Muleba, Biharamulo, Geita, kisha Busisi, ambako angalau tangu Juni 2025 tunapita juu ya daraja na hatungoji tena kivuko. Ongeza chakula, ongeza mahali pa kulala na mtoto mdogo.

Tuseme basi mahakama imeamuru matunzo ya shilingi 30,000 kwa mwezi, kiasi ambacho hakitamshangaza mtu yeyote wa huku. Kipimo peke yake ni matunzo ya miezi 10, na hapo bado hatujagusa nauli. Mtoto ameshinda kesi, na mwaka wake wa kwanza wa ushindi umeliwa na gharama za kushinda. Ndiyo maana nasema mstari ule wa mwisho si wa busara kama unavyosikika. Matunzo si mali ya mama. Ni ya mtoto. Kila shilingi ambayo mama anaitoa kufidia gharama za shauri, anaimega kwenye uji.

Namba hii ya 100, iliyo katika ada ya kipimo, ina historia ndefu kwetu, na nitaomba msomaji anivumilie niipitie. Kabla ya namba hiyo kuingia, Wahaya, majirani zetu na ndugu wa Wanyambo wa huku kwetu, walikuwa na kanuni yao waliyoiita bisisi, ambayo Cory na Hartnoll waliiandika katika kitabu chao cha sheria za mila za Wahaya cha 1945. Kwa kanuni hiyo, mwanaume wa kwanza kulala na mwanamke baada ya kujifungua ndiye aliyehesabiwa baba wa mtoto atakayefuata, hata kama mimba iliingia muda mrefu baadaye kwa mwingine. Leo tunaishangaa. Lakini iliamua jambo kwa kanuni inayojulikana, bila maabara. Tamko la Sheria za Mila la 1963 lilikuja na kanuni nyingine: baba asiyekusudia kumwoa mama angeweza kumhalalisha mtoto wake kwa kumlipa babu wa mtoto shilingi 100 kabla mtoto hajaachishwa ziwa. Na sheria ya kikoloni ya 1949 iliyohusu watoto wa nje ya ndoa ilikuja kubaki na kikomo cha matunzo cha shilingi 100 kwa mwezi, kikomo ambacho kilikaa vitabuni mpaka Sheria ya Mtoto ilipoifuta 2009. Mwaka huo shilingi 100 haikutosha chai ya maziwa pale stendi ya Kayanga. Tulifuta kikomo hicho kwa shangwe, ikawa sawa. Kisha tukaweka 100,000 mlangoni, mara tatu.

Sina ugomvi na maabara. Vitendanishi vinanunuliwa, mitambo ina matengenezo, wataalamu wana mishahara. Kitu kinachogharimu kina haki ya kulipiwa. Ninachouliza ni nani alipe, na alipe lini, na swali la pili ndilo tunalolisahau kila mara.

Sheria inasemaje? Kanuni kuu ya gharama katika mashauri ya madai iko katika Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai. Gharama ziko katika hiari ya mahakama, kwa kawaida humfuata aliyeshinda, na hakimu akitaka kwenda kinyume cha hapo hana budi kuandika sababu. Sababu inayoandikwa katika mashauri ya familia ni hiyo hiyo moja: asili ya shauri. Ukiuliza maana yake utaambiwa kwamba hawa ni wazazi, watakutana kwenye misiba na harusi, tusiwatie chumvi kwenye kidonda.

Kwa wanandoa walioishi pamoja miaka 15, wakajenga, wakazaa wanne, wakafika mahali wakashindwana, naikubali sababu hiyo. Kila mmoja ana lake la kujibu, na mali wanayogawana ni ya wote. Lakini shauri la kutafuta baba ni tofauti. Mara nyingi wawili hawa hawakuwahi kukaa nyumba moja. Walikutana mnadani, au kwenye kibarua cha kuvuna kahawa, au mwanaume alikuwa bodaboda aliyemrudisha msichana kutoka shule. Hakuna nyumba ya kulindwa. Kuna mtu mmoja aliyejua ukweli, au aliyekuwa na kila sababu ya kuujua, akaukana mpaka maabara ikamuumbua, na mwenzake akatembea na mtoto kilomita zote hizo kwa sababu ya kukana huko. Amani gani inayohifadhiwa kwa kumwachia huyu wa pili bili?

Wazee wetu hapa walikuwa na akili kutuzidi. Nilikua nikiwasikiliza wakisimulia mabaraza ya ukoo, jinsi aliyeonekana mkosaji alivyotakiwa kuleta mtungi wa rubisi ili maneno yaishe. Sijawahi kusikia simulizi ya baraza lililokaa kutwa nzima, likamwona mtu na hatia, kisha likatangaza kwamba kila upande ujiletee pombe yake.

Nirudi kwenye maabara, kwa sababu kuna takwimu moja inayotembea sana vijiweni. Ofisi ya Mkemia Mkuu iliwahi kusema kwamba karibu nusu ya wanaume waliopimwa walionekana si baba wa watoto waliotajiwa. Habari hiyo ilipofika Omurushaka ilikuwa imeshageuka: nusu ya watoto wote si wa baba zao! Si kweli, na kila anayejua hesabu kidogo ataona kwa nini. Wanaokwenda maabara ni wale ambao tayari wana mgogoro. Huwezi kuhesabu wagonjwa wodini ukasema umehesabu kijiji. Lakini hata tukiipokea takwimu kama ilivyo, mbona hakuna anayeuliza habari za ile nusu nyingine? Hao walikuwa baba kweli. Mtoto alikuwa wao tangu mwanzo. Ni wangapi kati yao waliofika pale kwa hiari, na ni wangapi walioburuzwa? Na walioburuzwa, ada ya kuwaburuza ilitoka mfuko wa nani?

Nakiri upande wa pili una hoja, tena yenye uzito. Mwanaume wa Kyerwa naye ni mkulima. Ana kibanja, migomba, miche ya kahawa, na mara nyingi kahawa hiyo ameshaiuza kwa butura ikiwa bado maua, kwa bei ya aibu, ili alipe ada ya mtoto mwingine. Butura imepigwa marufuku mara nyingi na bado ipo. Ukimwamuru mtu huyu atoe 300,000 kesho asubuhi kwa sababu tu ametajwa, unamsukuma kwa mlanguzi. Na majibu yakionyesha hana damu na mtoto yule, nani atamrudishia? Mama hana kitu. Kijana ameuza mbuzi kwa ajili ya uongo, au pengine kwa kosa la hesabu za tarehe tu, maana si kila mama anayekosea ni mwongo.

Hoja hii haijibiwi kwa kupaza sauti. Inajibiwa kwa kupanga vizuri zamu za kulipa, na wenzetu wamejaribu. Nchini Uingereza, chombo kinachosimamia matunzo ya watoto humtaka baba anayekana agharamie kipimo kwa bei ya punguzo, na akionekana si baba, hurudishiwa pesa yake. Chombo ndicho kinachorudisha, mama haingii hapo. Hivyo anayekana akijua anakana uongo anajua pia atalipa, na anayekana kwa haki hapotezi. Kule California, sheria ya familia inaipa mahakama uwezo wa kuamuru ada za wakili, za wataalamu na za vipimo zilipwe na wahusika kwa mafungu na kwa wakati ambao mahakama itaona unafaa. Narudia hayo maneno, kwa wakati. Sheria yao imeelewa kwamba amri ya gharama inayokuja baada ya hukumu haimsaidii aliyeshindwa kufika kwenye hukumu. Mwenye njaa hapewi chakula kwa mkopo wa mavuno ambayo hakuwa na mbegu ya kuyapanda.

Sisi hatuhitaji kusubiri Bunge ili tuanze. Sheria ya Mtoto imeweka mizani ya kukadiria matunzo: kipato na mali za wazazi wote wawili, uwezo wao wa kufanya kazi, watoto wengine wanaowategemea, gharama za maisha za mahali mtoto anapoishi. Mizani hiyo hiyo ingeweza kutumika siku ya kwanza kugawa gharama za kipimo. Mwenye bodaboda mbili barabarani na ng'ombe wanne atangulize zote. Aliye kibarua kama mama atoe theluthi yake, mama atoe yake, theluthi iliyobaki itafutiwe njia. Na kama ushahidi wa awali ni mzito, jina liko kwenye cheti, miamala ipo, majirani walikunywa pombe ya kumpa mtoto jina, basi kipimo kiwe ni ombi lake yeye anayekana, na agharamie mwenyewe. Kama hataki kutoa, shauri liendelee kwa ushahidi uliopo. Mahakama haikosi macho kwa sababu maabara iko Mwanza.

Hapa natia neno juu ya mtaalamu mwingine ambaye hatumwiti mtaalamu. Afisa ustawi ndiye anayetakiwa kuiambia mahakama hali halisi ya wazazi. Huku kwetu hakuna karatasi ya mshahara. Mali ya mtu iko kwenye miche ya kahawa, kwenye mkungu, kwenye mizani ya chama cha msingi, kwenye madini ya bati kwa wale wa machimbo ya Kyerwa, kwenye mzigo unaovuka Murongo usiku. Ili kuijua lazima utembee, uhesabu, uulize majirani. Nimesikia zaidi ya mara moja mama akiambiwa, si kwa ubaya, achangie mafuta ya pikipiki ili ripoti iandikwe. Simlaumu afisa anayesema hivyo. Anasimamia kata nyingi na pikipiki yake haiendi kwa maji. Lakini hiyo nayo ni gharama ya mtaalamu, imelipwa na upande mmoja, haina risiti, na haitaonekana katika hukumu yoyote.

Mawakili? Nitapita haraka, kwa sababu wengi wa akina mama hawa hawatamwona wakili maishani. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 imewatambua wasaidizi wa kisheria, na huduma yao ni ya bure. Kampeni ya Msaada wa Kisheria ya Mama Samia, iliyoanza 2023, imewaleta mawakili mpaka viwanja vya mikutano. Mabadiliko ya 2021 yameleta Kiswahili katika sheria na mahakama, jambo ambalo kwa mtu wa kawaida ni nafuu kuliko punguzo lolote la ada. Yote haya ni mema. Lakini kampeni huja na kuondoka, na katikati ya ziara mbili anabaki kishoka: yule jamaa mwenye mkoba karibu na uwanja wa mahakama, anayeandika maombi kwa bei ya ukurasa, na asipolipwa hudai fungu katika matunzo ya kila mwezi. Fungu katika uji wa mtoto! Mtu huyo anaishi kwa sababu moja tu, kwamba hakuna aliyemwambia mama kuwa fomu angeweza kusaidiwa kuijaza bure.

Tena kuna saa inayogonga. Sheria inampa mama miezi 24 tangu mtoto azaliwe kumfungulia baba anayetajwa shauri la matunzo, isipokuwa kama baba huyo aliwahi kutoa chochote cha matunzo katika kipindi hicho, au aliondoka nchini. Miezi 24 ni mingi ukiisikia redioni. Ukiitazama ukiwa na mtoto mchanga, na nauli unaikusanya kwa kuuza maharage debe moja moja, ni misimu minne tu. Wapo wanaume wanaoijua saa hiyo. Kuomba kipimo, kisha kugoma kukilipia, ni njia nzuri ya kumchosha mtu mpaka aache. Na mwenye ndugu ng'ambo ya mto hupotelea huko akalima kwa watu hadi maneno yapoe.

Nani basi atatoa ile theluthi iliyobaki, na nani atamrudishia mbuzi wake yule kijana asiye na hatia? Hapa nawageukia madiwani. Halmashauri zetu mbili zinaishi kwa kahawa. Ushuru wa mazao ni asilimia 3, na msimu ukiwa mzuri makusanyo husomwa kwenye vikao kwa makofi. Vipimo 20 kwa mwaka, vya watu watatu watatu, ni shilingi milioni 6. Fungu la kiasi hicho, likikaa chini ya ofisi ya ustawi na kutolewa kwa amri ya mahakama peke yake, lingetangulia kulipa. Baba akithibitika, arudishe, kwa awamu ikibidi, sambamba na matunzo. Asipokuwa baba, halmashauri ibebe hasara hiyo kama inavyobeba hasara nyingine za kutafuta ukweli. Tunatoa mikopo ya ile asilimia 10 ya mapato kwa vikundi, na baadhi yake hatuioni tena. Milioni 6 hazitatutoa roho.

Atatokea wa kusema kwamba tukilegeza hivi, wasichana watageuza watoto kuwa mtaji. Nimeisikia hoja hii kwa wazee ninaowaheshimu, kwa hiyo nitaijibu kwa heshima. Mzee wangu, mtaji gani huo? Kubeba mimba miezi tisa, kuacha shule, kulala stendi na mtoto, kusimama mbele ya watu na kutaja kitandani palitokea nini, ili upate 30,000 ambazo mwezi wa tatu hazitakuja? Sheria yenyewe imeshaweka chujio, kwani hakimu haruhusiwi kumwita mtu mahakamani mpaka aridhike kwamba maombi yameletwa kwa nia njema, si kwa kutisha wala kutoza. Tuliache chujio lifanye kazi yake. Tusiweke umaskini kuwa chujio la pili.

Kwa mahakimu wetu wa Kayanga na Rubwera nina ombi dogo. Sitawafundisha sheria. Naomba tu suala la gharama lisisubiri mstari wa mwisho. Siku mjibu maombi anaposema mtoto si wake, papo hapo iandikwe amri: nani anatanguliza ada ya kipimo, nani analipa nauli ya mtoto kwenda kupimwa, na kwamba majibu yakitoka, aliyeonekana kuupinga ukweli akiujua atabeba zote. Ni aya moja. Inaweza kuandikwa kwa Kiswahili, na wote wawili wataielewa kabla hawajatoka nje. Na siku ya hukumu, kama bado mahakama inaona kila upande ubebe zake, basi sababu iandikwe ya shauri hili, la huyu mama na huyu baba, badala ya maneno yale matatu yanayonakiliwa kutoka jalada hadi jalada.

Na kwako mama unayesomewa gazeti hili na mwanao wa darasa la sita: mahakama ikikupa gharama, hazijileti. Mbele ya mahakama ya wilaya na kwenda juu, una siku 60 tangu amri hiyo itolewe kupeleka orodha ya ulichotumia ili ikadiriwe, na ukichelewa utaanza kwa kuomba radhi ya kuchelewa kwanza. Asiye na wakili hana ada ya wakili ya kudai, lakini ana nauli, ana ada ya kipimo, ana fotokopi. Kinachotakiwa ni karatasi. Kwa hiyo usitupe tiketi ya basi. Mwenye fotokopi akuandikie risiti hata kama ni ya shilingi 500. Muamala wa simu usiufute. Zifunge zote ndani ya kadi ya kliniki ya mtoto, uje nazo kila siku ya shauri.